Gari Linapokataa Kuwaka: Fizikia Katika Hitilafu Ndogo

Chukulia kisa hiki, ambacho kwa sura moja au nyingine kimewapata wenye magari wengi. Mwalimu wa fizikia wa shule ya bweni anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kuwapeleka wanafunzi wawili wagonjwa hospitali ya wilaya. Anageuza ufunguo. Taa za dashibodi zinawaka na redio inasema, lakini injini haizunguki; kinachosikika chini ya boneti ni mlio mmoja tu, "tik". Vijana wa bwenini wanaitwa, gari linasukumwa, linawaka, na wagonjwa wanafika salama. Mjini mwalimu anaambiwa kwamba betri imekufa. Ananunua mpya kwa fedha inayokaribia nusu ya mshahara wake, na ile ya zamani anaiacha hapo hapo dukani. Siku ya nne, alfajiri, gari linasema tena "tik".

Betri ya kwanza haikuwa na kosa. Ushahidi wa jambo hilo ulikuwepo tangu asubuhi ile, na ulikuwa wa aina ambayo mwalimu huyo huyo huwafundisha wanafunzi wake chini ya kichwa cha Kanuni ya Ohm. Georg Simon Ohm mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani, alipofanya majaribio ya kanuni hiyo aliyoichapisha mwaka 1827. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba kanuni iliyozaliwa shuleni huachwa darasani mara mwalimu anapotoka nje na kufungua boneti.

Makala haya yanachunguza hitilafu chache ambazo dereva anaweza kuzitambua kabla ya kumwita fundi. Nia si kumgeuza kila dereva kuwa fundi, kwani fundi mzuri ana ujuzi wa mikono na masikio usiopatikana kitabuni. Nia ni kuonyesha kwamba hitilafu ni swali, na kwamba gari hulijibu iwapo dereva atabadili jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuangalia kilichotokea. Wengi hufanya kinyume: husafisha plagi, huongeza petroli, hukaza waya huu na ule, kisha gari likiwaka hawajui ni lipi kati ya hayo lililoponya.

Kazi kubwa na kazi ndogo

Betri ya gari la kawaida ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa kiasi cha volti 2.1. Kwa hiyo betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi; ikionyesha volti 12.0 imekaribia kwisha. Asili yake ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, yaani mabamba ya risasi yaliyotumbukizwa katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Tangu magari ya Cadillac ya Marekani ya mwaka 1912 yalipowekewa stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, betri ya namna hiyo imebeba kazi zisizolingana hata kidogo. Taa mbili kubwa za mbele, kila moja ikiwa ya wati 55, huvuta kiasi cha ampea 9. Taa ndogo ya ndani ya wati 5 haifikishi hata nusu ampea. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 150 au zaidi, ingawa kwa sekunde chache tu. Katika tofauti hii ndimo ilimo maana ya ule mlio wa "tik".

Kwa mahesabu ya darasani, stata na nyaya zake zichukuliwe kuwa na ukinzani wa omu 0.07, na betri yenyewe kuwa na ukinzani wa ndani wa omu 0.01. (Kwa kweli stata ni mota, na mota haifuati mahesabu haya kikamilifu, lakini kwa kusudi la sasa inatosha.) Jumla ni omu 0.08. Volti 12.6 zikigawanywa kwa 0.08 hupatikana ampea 157 au 158, na stata hupata volti 11 hivi. Injini inazunguka.

Sasa unga mweupe au wa kijani na buluu ujengeke kati ya nguzo ya betri na kishikizo cha waya, kile ambacho mafundi hukiita terminali. Unga huo ni chumvi zitokanazo na mvuke wa asidi unapokula risasi na shaba, nao hupitisha umeme kwa shida. Ukiongeza ukinzani wa omu 0.1 tu, kiasi ambacho mita nyingi za shuleni haziwezi hata kukipima kwa uhakika, jumla inakuwa omu 0.18. Mkondo unashuka hadi ampea 70, na stata inapata volti 4.9 badala ya 11. Nguvu yake, ambayo ni mkondo uliozidishwa kwa volti, inaporomoka kutoka wati 1,700 hadi wati 340 hivi. Solenoidi ya stata inajaribu kuvuta, inagonga mara moja, "tik", na injini haitikisiki.

Na taa? Mkondo wake ni ampea 9 tu, hivyo katika unga ule ule zinapoteza chini ya volti moja. Jicho haliwezi kutambua upungufu huo kwa urahisi. Redio, ambayo hutumia mkondo mdogo zaidi, haina habari kabisa. Hivyo basi, dereva anayesema "umeme upo, mbona taa zinawaka" amepima njia ya watembea kwa miguu na kudhani lori litapita.

Hata kule kusukumwa kwa gari kulikuwa ushahidi. Gari linaposukumwa na kuingizwa gia, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini badala ya stata. Lilipowaka, lilithibitisha kwamba petroli ilifika, plagi zilitoa cheche, na betri iliweza kuhudumia kazi ndogo. Jambo moja tu lilibaki bila kuthibitishwa, nalo ni njia ya mkondo mkubwa. Betri mpya ilifanya kazi siku tatu kwa sababu fundi alipokuwa akiifunga, vishikizo vilisuguana na nguzo na unga ukaparuzika kidogo.

Kuuliza swali kwa taa

Kipimo rahisi hakihitaji chombo chochote. Dereva awashe taa kubwa, kisha ageuze ufunguo huku mtu mwingine akizitazama. Taa zikiwa hafifu na za manjano tangu mwanzo, na zikazidi kufifia injini inapojaribu kuzunguka kwa kugugumia, betri imeishiwa. Zikiwa nyeupe na kali, kisha zikazimika ghafla wakati wa "tik" na kurudia ukali wake mara ufunguo unapoachwa, mashaka yaelekezwe kwenye vishikizo vya betri, au kwenye waya mnene unaounganisha ncha hasi na bodi ya gari. Na zikibaki kali vile vile kana kwamba ufunguo haukugeuzwa, mkondo mkubwa haujaanza kupita kabisa. Hapo tatizo liko kwenye stata, solenoidi au swichi zake. Magari mengi yaliyoagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani ni ya gia za kujiendesha yenyewe, nayo hayakubali stata ifanye kazi mpaka mkono wa gia uwe kwenye P au N. Si ajabu kumkuta mtu amemwita fundi kutoka mbali kwa sababu ya mkono wa gia uliosogea kidogo.

Penye mita ya umeme shaka huondoka. Ncha moja ya mita iwekwe juu ya nguzo yenyewe ya risasi, ya pili juu ya kishikizo kinachoishika, kisha ufunguo ugeuzwe. Kati ya vitu viwili vinavyogusana sawasawa mita isingepaswa kuonyesha zaidi ya sehemu ndogo ya volti. Katika mfano wa hapo juu ingeonyesha volti 7. Nguvu inayopotea mahali hapo, ampea 70 kwa volti 7, ni wati 490, karibu nusu ya nguvu ya pasi ya umeme, na yote hugeuka joto. Ndiyo maana fundi mzee, baada ya kugeuza ufunguo mara mbili tatu, huzima gari na kukigusa kishikizo kwa haraka kwa ncha ya kidole. Anapima ukinzani.

Dawa yake ni spana, ambayo kwa magari mengi ya Kijapani ni namba 10, msasa, na magadi yale yale ya kupikia maharage. Kijiko cha magadi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu kikimwagwa juu ya unga hutoa povu, kwani magadi ni alikali, na yakikutana na asidi hutoa hewa ya ukaa. Maji hayo yasiingie ndani ya vyumba vya betri. Wapo wanaotumia soda ya chupa. Husafisha kweli, lakini huacha nyuma sukari na asidi nyingine. Waya wa hasi ufunguliwe kwanza na kufungwa mwisho. Bodi nzima ya gari imeungwa na ncha hasi, kwa hiyo spana inayofungua chanya ikigusa chuma chochote wakati hasi bado imefungwa, mkondo wa mamia ya ampea utapita ndani yake, na mkono unaoishika hautasahau.

Kwa kuwa betri husingiziwa mara nyingi, ni vema pia kujua inapostahili lawama. Betri ya ampea 45 kwa saa iliyoachiwa taa kubwa za mbele zikiwaka itaisha kwa saa tano hivi. Taa ya ndani ya wati 5, ikiachwa kwa saa kumi za usiku, hutumia kiasi cha ampea 4 kwa saa, chini ya sehemu moja ya kumi. Betri iliyouawa na taa ya ndani kwa usiku mmoja ilikuwa mgonjwa tangu zamani, na hapo dukani pana haki yake.

Kuazima umeme

Kumuunganishia betri jirani, kazi ambayo mafundi huiita kubusti, kunaokoa safari, lakini kumewahi kupofusha watu. Betri inapochajiwa sehemu ya maji yake huvunjika kuwa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo huweza kushika moto, na cheche huruka palepale waya wa mwisho unapogusishwa. Kwa sababu hiyo waya wa mwisho usigusishwe kwenye betri mbovu. Utaratibu ni huu: chanya ya betri mbovu kwa chanya ya nzima, kisha hasi ya betri nzima kwa chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Umeme utafika kwa kupitia injini, na cheche itaruka mahali pasipo na hewa ile. Wakati wa kufungua, utaratibu hugeuzwa. Uso uwekwe mbali, na sigara isiwepo.

Injini inazunguka lakini haiwaki

Hapa pana mengi ambayo ni ya fundi, na yapitiwe kwa ufupi. Stata ikizungusha injini kwa kasi yake ya kawaida, habari yote ya betri iliyotangulia iwekwe kando. Injini ya petroli inahitaji hewa, petroli na cheche kwa wakati wake. Hewa ni nadra kukosekana. Petroli hukosekana mara nyingi kuliko madereva wanavyokiri, kwa sababu mshale wa tangi huendeshwa na boya, na boya likikwama mshale husema uongo. Katika magari yenye pampu ndani ya tangi, ufunguo ukigeuzwa bila kuwasha husikika mvumo wa sekunde mbili hivi kutoka kiti cha nyuma. Ukimya hapo ni dalili ya fyuzi au pampu. Taa ndogo yenye picha ya ufunguo ikimetameta, gari halijautambua ufunguo, na kusukuma hakutasaidia. Nyaya za plagi zisishikwe kwa mkono injini inapozungushwa, maana volti zake hufikia makumi ya maelfu. Gari la dizeli halina cheche. Huwasha kwa joto la hewa iliyobanwa, na likiisha mafuta njiani huingiwa na hewa katika mabomba, ambayo hapana budi itolewe hata baada ya tangi kujazwa.

Maji yanapochemka

Barabara ya Morogoro kwenda Iringa hufuata bonde la Mto Ruaha Mkuu, kisha hupanda mlima Kitonga kwa kona kali. Msafiri aliyepita hapo mchana wa jua huenda ameona magari yaliyosimama kando, boneti wazi, mvuke ukipanda. Hakuna ubaya katika kusimama. Ubaya uko katika lile ambalo dereva mwenye haraka hulifanya dakika ya pili.

Kwa makadirio, theluthi moja tu ya nishati ya mafuta huendesha gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki hubebwa na maji hadi kwenye rejeta. Mlimani injini hufanya kazi kubwa huku gari likienda polepole, hivyo joto ni jingi na upepo ni haba. Ili maji yasichemke mapema, mfuniko wa rejeta una springi inayoruhusu kanieneo ndani ipande hadi karibu mara mbili ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Katika hali hiyo maji hayachemki kwa nyuzi 100 za Sentigredi bali kwa nyuzi 120 hivi. Nje ya mfuniko mambo ni tofauti, na kadiri mtu anavyopanda tofauti huongezeka: mjini Iringa, kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 95 hivi.

Chukulia basi rejeta na injini zenye lita 6 za maji ya nyuzi 115, yaliyotulia kwa sababu tu yamebanwa. Dereva anafungua mfuniko. Kanieneo inashuka ghafla, na maji yale yamezidi kiwango chake cha kuchemka kwa nyuzi 15, hata kwa hesabu ya usawa wa bahari. Joto lililozidi, yaani kilo 6 mara kilojuli 4.2 mara 15, ni kilojuli 378. Kila kilo ya maji huhitaji kilojuli 2,260 kugeuka mvuke. Kwa hiyo kiasi cha gramu 167 hugeuka mvuke kwa mara moja. Gramu 167 ni ujazo wa kikombe kidogo cha chai. Lakini zikiwa mvuke huchukua karibu lita 280, zaidi ya pipa zima la mafuta, na mvuke huo hutokea katika tundu lisilozidi upana wa mfuniko wa chupa ya chai, ukisukuma mbele yake maji ya moto, kuelekea uso ulioinama juu yake. Wanafunzi wafanye hesabu hii wenyewe kwa nyuzi 105 na kwa nyuzi 120. Wengi wataungua katika daftari, na hilo ni afadhali.

Kwa hiyo mshale wa joto unapopanda, kiyoyozi kizimwe na kile kipasha joto cha ndani ya gari kifunguliwe hadi mwisho. Hicho nacho ni rejeta ndogo, ingawa dereva wa Tanga anaweza kumiliki gari miaka kumi bila kujua kitufe chake kina kazi gani. Mvuke ukianza kutoka, injini izimwe, na mfuniko usiguswe kwa nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa na kubinywa bila kuunguza. Ndipo ufunguliwe kwa kitambaa kinene, nusu mzunguko kwanza. Maji baridi yasimwagwe kwa pupa ndani ya injini ya moto, kwani chuma kikisinyaa upande mmoja na kubaki kimetanuka upande wa pili huweza kupasuka.

Chanzo hutafutwa kwa swali jingine rahisi: gari lilichemsha lini? Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabara inapofunguka, maji yanazunguka vizuri ila hewa haipiti. Feni haifanyi kazi. Likichemsha kwenye mwendo mkali au mlimani na kutulia katika mwendo wa pole, hewa ipo lakini maji hayatoshi au hayapiti. Yamevuja, rejeta imeziba kwa kutu na chokaa kama inavyoonekana ndani ya birika la zamani, au themostati imekwama. Na pale ambapo taa ya kuchaji inawaka wakati ule ule mshale unapopanda, mkanda wa feni utazamwe kabla ya kitu kingine, maana katika magari mengi mkanda mmoja huzungusha altaneta na pampu ya maji pamoja.

Taa nyekundu yenye picha ya kopo la mafuta haina mjadala wa namna hii. Inaposhika wakati injini inazunguka, vyuma vinavyosuguana vimepungukiwa na utando wa oili unaovitenganisha, na injini huweza kuharibika ndani ya dakika chache. Gari lizimwe hapo hapo, hata kama nyumba inaonekana. Harufu ya petroli mbichi na breki iliyolegea ziingie katika kundi hilo hilo, na fundi aitwe. Aambiwe yale yaliyoonekana, si yale yaliyodhaniwa: kwamba taa zilikuwa kali, zikazimika wakati wa "tik", zikarudi, kwamba lilichemsha mlimani na si kwenye foleni, kwamba pampu haikuvuma. Atajua aje na spana namba 10 na msasa, au aje na mkanda wa feni, na kama kuna haja ya kubeba betri.